Mwenyekiti wa chama chetu cha walimu wa Kiingereza muda wake umeisha na mkutano haitishi. Tuanzie wapi?

Ticha wa Kimara:

Habari za jioni wakuu. Najua humu kuna walimu wengi na kuna watu wameshawahi kuongoza vyama, naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kidogo.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari ya serikali hapa Dar, nipo kwenye chama cha walimu wa somo. Jina sitalitaja na msianze kubuni, sio kile cha kitaifa, ni kachama kadogo tu ka hapa hapa mjini. Kalianza kama watu saba nane waliokuwa wanakutana Jumamosi kwenye darasa moja Magomeni kupeana mbinu, nani ana kitabu, nani ana mtihani mzuri wa fomu tuu, nani darasa lake lina watoto 90 na anawafundishaje kuongea. Baadae tukasajili, tukapata cheti na katiba na mhuri. Mwanzilishi ndio akawa mwenyekiti na kwa kweli bila yeye kisingekuwepo, nalisema hili mapema asije mtu akasema nina chuki. Yeye ndio aliyetafuta wakufunzi, yeye ndio aliyeandika barua za kuomba vitabu, bando lake nauli yake.

Sasa shida. Katiba inasema muhula ni miaka 3 na mtu asizidi mihula 2. Wa pili uliisha mwaka jana. Mkutano mkuu ulipangwa Desemba ukaahirishwa kwa sababu watu wengi walikuwa wameenda kusahihisha mitihani ya fomu foo, ikasemwa Juni, Juni ikaja UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na likizo watu wakasafiri, kimya mpaka leo. Katibu alihamia Dodoma na hajawahi kuwekwa mwingine. Mweka hazina yupo lakini ukimuuliza salio anakwambia muulize mwenyekiti, maana ada tunatuma kwenye namba ya simu ya mwenyekiti, hiyo hiyo anayopokelea hela zake za nyumbani. Sijasema anakula, sina ushahidi na wala sidhani. Ila hakuna anayejua kuna shilingi ngapi.

Kilichowasha moto ni mwaliko wa kongamano la nje, nafasi moja imelipiwa kila kitu, sisi tumekuja kujua kwa picha yuko uwanja wa ndege na begi. Kijana mmoja akauliza kwenye grupu hii nafasi ilitangazwa lini, akatolewa. Baadae akarudishwa lakini sasa hivi grupu anaandika admini peke yake.

Swali langu, unamtoaje mtu ambaye hutaki kumdhalilisha, na chama kisife akishatoka? Kuna wanaotaka twende moja kwa moja kwa msajili, kuna wanaotaka tujitoe tuanzishe kingine. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Chaki:

Mmesajiliwa wapi, Mambo ya Ndani au kwa msajili wa NGO? Na hiyo katiba unayo mkononi au umesimuliwa? Jibu hayo kwanza ndio tuongee.

Ticha wa Kimara:

Mambo ya Ndani mzee wangu. Katiba ninayo, nakala ya kurudufu, ukurasa mmoja haujatoka vizuri lakini inasomeka kwa kubahatisha.

Posho Hakuna:

Si mkashitaki CWT?

Mzee wa Chaki:

@Posho Hakuna CWT ni chama cha wafanyakazi, kinahusika na mishahara na haki za mwalimu kazini. Hawa wana chama cha somo. Na kabla hujauliza, ile Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya sheria ya 2018 nayo inashughulika na mwalimu mmoja mmoja na taaluma yake, sio ugomvi wa mwenyekiti na grupu lake.

Sheria Kiasi:

Mimi sio wakili ila kazi yangu inanipitisha sana kwenye mambo ya usajili kwa hiyo nichangie kidogo.

Kama ni Mambo ya Ndani basi mpo chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Hiyo inahusu watu 10 na kuendelea wanaoungana kwa manufaa ya wanachama wenyewe, iwe taaluma, dini, utamaduni, ustawi na kadhalika. NGO ni mambo mengine, ina sheria yake ya 2002 na lengo lake ni kuhudumia jamii, na tangu marekebisho ya 2019 mistari imechorwa vizuri zaidi, ukijichanganya unapata usumbufu wa kweli kweli. Kwa hiyo mkienda dirisha la NGO mtarudishwa hata hamjakaa.

Ila kwa msajili msikimbilie. Kwake yeye viongozi wanaojulikana ni wale waliopo kwenye faili, yaani huyo huyo mwenyekiti wenu na huyo katibu aliyehamia Dodoma. Mkipeleka barua ya malalamiko bila muhtasari wa kikao hata kimoja mnaonekana watu wenye hasira tu. Halafu kuna hili watu hawalifikirii, msajili ana uwezo wa kufuta chama. Ukimwandikia kwamba chama hakijafanya mkutano, hakijabadilisha viongozi na hakijui hela zake, hujamshitaki mwenyekiti hapo, umejishitaki wewe.

Kaa na katiba. Tafuta ibara ya mkutano mkuu maalum. Katiba nyingi za hivi vyama zina kipengele kwamba wanachama wakifika idadi fulani, robo au theluthi, wakiandika barua basi uongozi unalazimika kuitisha mkutano ndani ya siku kadhaa, na usipoitisha wenyewe wanaruhusiwa. Yenu inasemaje sijui, soma. Halafu tafuta akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali, ni wangapi, halafu tafuta mwanachama hai ni nani, hapo ndio watu wanapoangukia pua, mnakusanya sahihi kwa mbwembwe kumbe wengi wenu hamjalipa ada ya mwaka huu, anasimama mtu anawauliza nyie ni akina nani, mnakosa jibu. Kila anayesaini aambatanishe ujumbe wa simu wa malipo yake. Na barua ipokelewe, isainiwe nakala, tarehe iwepo. WhatsApp sio barua.

Kijana wa Chanika:

Hapo kwenye ada ndio penyewe. Hela inaingia kwenye simu yake, sasa orodha ya waliolipa anayo nani? Yeye. Nani mwanachama hai anaamua nani? Yeye. Mnaona mchezo ulivyo?

Mimi nadhani chama chenu nakijua na kama sio basi ni pacha wake. Natoka Chanika Jumamosi alfajiri, nabadilisha magari, nafika nimechoka, nakaa mpaka saa 8 mchana, chai tunajilipia, halafu ikija nafasi ya kusafiri inaenda kwa mtu yule yule kwa sababu wazungu wanaandika barua "kwa mwenyekiti". Mada aliyoenda kuwasilisha huko nina uhakika ni mambo tuliyofanya sisi madarasani kwetu, michezo ya sentensi kwenye darasa kubwa, ile ya kutumia magazeti ya zamani, picha za madarasa yetu ndio zilipanda kwenye slaidi. Atoke tu. Tuache huu unafiki wa mzee wetu mzee wetu.

Madam wa Tabata:

Jamani pole pole. Mimi sio wa chama chenu ila nimekuwa katibu wa chama cha namna hiyo na hapa nacheka peke yangu maana nikisoma ni kama mnatuongelea sisi.

Mwalimu nikuulize kitu kimoja, uchaguzi uliopita fomu zilichukuliwa ngapi? Kwetu sisi ukifika muda wa kupendekeza majina kila mtu anaangalia simu. Wa shule binafsi anasema mwajiri hawezi kumpa ruhusa, wa serikali anasema ana zamu na vipindi havibebeki, mhadhiri anasema ana wanafunzi wa tasnifu, mwingine anaenda chooni harudi mpaka uchaguzi uishe, basi anapita yule yule bila kupingwa na makofi yanapigwa watu wakiwa wameshika mabegi wanawahi usafiri. Ikipita miaka 6 mnamwita king'ang'anizi.

Na hiyo kazi mnaijua? Barua ya kuomba ukumbi kwa mkuu wa shule, kufuatilia kibali, kumbembeleza mkufunzi aje bila malipo na kumpatia hata nauli kutoka mfukoni kwako, maandazi, maji, vyeti vya kuhudhuria ambavyo wote mnavitaka mkaweke kwenye mafaili yenu lakini karatasi ngumu na wino nani alinunua hamuulizi, kujibu imeili za watu wa Marekani usiku wa manane kwa sababu kwao ndio kwanza wametoka kula mchana. Mimi niliufanya huo ukatibu na mtoto mgongoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza bando nimeweka la shilingi ngapi.

Halafu mnaongea kama hili ni tatizo la Dar. IATEFL yenyewe, kile chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza cha Uingereza ambacho wote tunatamani kuhudhuria mikutano yake, mwanzilishi wake Bill Lee aliianzisha 1967 na akaiongoza zaidi ya miaka 10. Chama kichanga kinabebwa na mtu mmoja, ndivyo kilivyo, mkitaka asikibebe peke yake mkishike.

Ticha wa Kimara:

Madam fomu ilichukuliwa moja, ya kwake. Ila na wewe zingatia hili, kamati ya uchaguzi aliiteua yeye, tangazo la fomu lilitoka Alhamisi na uchaguzi Jumamosi, na fomu yenyewe ilitakiwa kurudishwa kwake. Mimi nilikuwa nasimamia mitihani, nilijua kuna uchaguzi nilipoona picha za keki.

Madam wa Tabata:

Keki tena?

Ticha wa Kimara:

Keki ilikuwepo madam, ina bendera.

Mzee wa Chaki:

Haya sasa ndio tumefika kwenye jambo lenyewe. Mimi nimestaafu, nilikuwa mweka hazina wa chama cha walimu wa somo jingine kwa muda mrefu, haya niliyaona.

Shida yenu sio kwamba mtu kakaa sana. Shida ni kwamba ofisi ipo mfukoni mwake. Namba ya simu yake, imeili yake, mhuri kwenye begi lake, cheti cha usajili kwenye kabati la chumbani kwake, marafiki wa nje wanamjua yeye kwa jina la kwanza. Akitoka leo kwa shangwe na zawadi ya saa ya ukutani, Jumatatu nyie mna nini? Mna mwenyekiti mpya asiye na namba ya siri ya imeili. Kwa hiyo msianze na uchaguzi, anzeni kuitoa ofisi mfukoni. Mkishaitoa huyo mtu atatoka mwenyewe au akibaki hana madhara.

Cha kwanza hela. Akaunti ya benki kwa jina la chama. Benki itataka cheti, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua akaunti ifunguliwe na majina ya watia sahihi, hapo tu mmeshalazimika kukaa kikao halali na kuandika muhtasari bila mtu kugombana na mtu. Watia sahihi wawe watatu, hela itoke kwa sahihi za wawili, na hao watatu wasitoke shule moja. Lipa namba nayo iwe ya chama. Mama watoto yuko kwenye kikoba hapa mtaani kwetu wanatumia M-Koba, hela haitoki mpaka viongozi waidhinishe kwenye simu zao, wauza mboga na mama lishe wamefika huko siku nyingi, sisi na digrii zetu bado tunatuma ada kwenye namba ya mtu na kumwandikia "nimetuma mwalimu, thibitisha".

Halafu mweka hazina atoe taarifa ya ukurasa mmoja. Kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Sio mwisho wa mwaka, kila miezi mitatu. Nilipokuwa natoa hiyo karatasi watu walikuwa hawaisomi kabisa, lakini mwaka mmoja niliichelewesha nilipigiwa simu mpaka nikazima.

Sasa @Madam wa Tabata hadithi ya Bill Lee ni ya kweli ila umeikatia njiani. Leo hiyo IATEFL ni taasisi ya hisani iliyosajiliwa kwao, ina wadhamini wanaowajibika kisheria, rais anachaguliwa na anakaa miaka 2. Kabla hajakalia kiti anakaa kwanza kama makamu anajifunza, na akitoka anarudi umakamu kidogo ili asiondoke na kila kitu kichwani mwake. TESOL, chama kama hicho cha Marekani kilichoanza 1966, nacho kina mpango wa namna hiyo, rais mteule, rais, na rais aliyepita, watu watatu kwenye mstari mmoja. Unaona hapo, yule wa kesho anajulikana leo. Hakuna anayeamka asubuhi kashika chama. Wao wana waajiriwa wa kufanya kazi za kila siku, nyinyi hamna uwezo huo, ndio maana kwenu kugawana ni lazima zaidi kuliko kwao.

Na tusijifanye kukabidhi kwa hatua ni mambo ya Ulaya. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais 1985 akabaki mwenyekiti wa CCM mpaka 1990. Watu wanabishana mpaka leo kama ile miaka mitano ilimsaidia mzee Mwinyi au ilimbana, mimi nina maoni yangu sio ya hapa. Nachosema huyo mwanzilishi wenu mumtafutie pa kukaa. Mlezi wa chama, iandikwe kwenye katiba, anahudhuria, anasalimiwa, anafungua semina, hana kura na hana sahihi benki.

Kijana wa Chanika:

Mlezi asiye na kura na hana sahihi, atakubali kweli huyo?

Mzee wa Chaki:

Atakubali kama anayemwambia ni mtu anayemheshimu. Akiambiwa na wewe hakubali.

Sheria Kiasi:

Naongezea kwa mzee, msichanganye mlezi na mdhamini. Chama kikitaka kumiliki kiwanja au mali kwa jina lake kinasajili bodi ya wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili, chini ya Sura 318. Wadhamini wanashika mali kwa niaba ya wanachama, sio waendeshaji. Nimeona vyama vinawaweka waanzilishi wote wadhamini kama zawadi ya kustaafu, baadae wanadai wao ndio wenye chama na karatasi wanazo. Kama hamna mali ya kusema msihangaike na hilo sasa hivi.

Mama Grammar:

Mmeongelea hela tu. Mimi naogopa ile orodha. Tukijiandikisha tunaandika jina kamili, namba ya simu, shule, wengine mpaka cheki namba, ile namba ya mshahara ya mtumishi wa serikali, kwa sababu fomu imeomba, na hakuna anayeuliza cheki namba ya nini kwenye chama cha kufundishana Kiingereza. Kuna chama nilikuwepo orodha nzima ikapewa wauza vitabu, kwa nia njema wala sio kwa hela, tukaanza kupigiwa simu mpaka usiku tununue kamusi. Sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake ipo, ukikusanya taarifa za watu unatakiwa ujisajili na useme unazitumia kwa nini. Ukiwa na vikao vya kupanga hayo makabidhiano, orodha na imeili viwe kwenye ajenda, tena imeili iwe ya chama na watu wawili wawe na uwezo wa kuifungua, mmoja akifiwa au akigombana na chama mwingine yupo.

Pia tarehe. Desemba hamtapata akidi maisha yenu yote, wanaosahihisha ndio hao hao wanachama wenu wazuri. Juni mmeona wenyewe. Tafuteni Jumamosi ya Machi au Agosti, angalieni Ramadhani imeangukia wapi, na tarehe iandikwe kwenye katiba kabisa kwamba mkutano mkuu ni mwezi fulani, isiwe hisani ya mwenyekiti kuitisha.

Mwendokasi Saa 12:

Mi nashangaa mnahangaika. Jitoeni anzisheni kingine, watu 10 tu mnasajili.

Madam wa Tabata:

Na mkishasajili? Wanachama ni wale wale, mnawagawana katikati. Nimeona hiyo Temeke, vikawa viwili, vyote vinaomba ukumbi shule moja, mkuu wa shule akawafukuza wote. Halafu hao wa nje wakipata barua mbili kutoka mji mmoja, kila moja inasema sisi ndio walimu wa Kiingereza wa Dar, wanajibu ipi? Hawajibu. Wakitaka kuwatambua kama chama shiriki wanaomba katiba na viongozi waliochaguliwa, na faida yake ipo, IATEFL kwa mfano wana ule mpango wa mwanachama wa chama shiriki kwenye nchi za kipato cha chini kuingia kwao kwa ada ya chini sana. Chama kikivunjika hilo nalo linaondoka. Mwalimu wa kawaida hawezi kulipa ile ada ya kawaida ya pauni, tusidanganyane.

Mwendokasi Saa 12:

Basi sawa nimekaa.

Kijana wa Chanika:

Mimi narudi kwenye safari maana naona mnaipita pembeni. Akaunti nimekubali, mlezi nimekubali nusu. Lakini nafasi za nje, mafunzo, ufadhili, hivi vitu vinapita kimya kimya na ndio vinavyofanya watu wasitoke madarakani. Iandikwe kanuni. Mwaliko ukija unawekwa kwenye grupu ndani ya siku kadhaa hata kama umeandikwa kwa jina la mtu, wanaotaka wanaomba, kamati ya watu ambao hawajaomba inachagua, na aliyekwenda mwaka huu akae pembeni kwa muda. Akirudi anafanya semina bure ya alichojifunza, sio kurudi na mifuko ya kongamano na picha. Na kamati tendaji iwe na mtu kutoka kila wilaya, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni, maana sasa hivi wote wanaoamua wanakaa umbali wa bodaboda moja.

Mzee wa Chaki:

@Kijana wa Chanika hiyo kanuni ya safari iandike vizuri kwenye karatasi umpe mwenye mada, sitanii. Mimi kwenye chama chetu tuliandika ya hela tukasahau ya safari, na kweli ugomvi wote uliofuata ulikuwa wa safari.

Sheria Kiasi:

Mkibadilisha katiba angalieni mkutano gani una uwezo huo na kwa kura ngapi, mara nyingi ni theluthi mbili. Na marekebisho pamoja na majina ya viongozi wapya yanapelekwa kwa msajili. Msipopeleka, kwenye faili mnaendelea kuwa na yule wa Dodoma.

Ticha wa Kimara:

Wakuu samahani kwa kupotea, nimerudi na mrejesho.

Nilifuata ushauri wa mzee, sikwenda mimi. Tulimwomba mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa mkuu wangu wa idara zamani, na mama mmoja ambaye alikuwepo tangu siku za Magomeni, wakaenda kumuona nyumbani jioni, hawakwenda na barua. Wamerudi na habari ambayo hatukuitegemea. Kumbe mwenyekiti ana daftari, kila ada iliyoingia kaiandika, jina na tarehe, na upande wa pili matumizi, na kwa hesabu zake chama ndio kinadaiwa na yeye. Kasema amechoka siku nyingi ila anaogopa akitoka watu watasema katoka kwa sababu kala. Na kauliza mnanikabidhisha kwa nani, nitajieni jina. Wale wazee hawakuwa na jina la kumtajia.

Akaunti amekubali, kikao cha kamati kimeitishwa na yeye mwenyewe kwa maandishi, grupu limefunguliwa watu wanaandika (na wameandika, mungu wangu). Daftari amekubali likaguliwe na watu wawili ambao sio viongozi, kabla ya mkutano, ili yasemwe yaishe. Deni lake bado sijui tutalifanyaje maana risiti zingine hana, bando na nauli nani anadai risiti. Tarehe ya mkutano mkuu hajakubali, anasema baada ya ukaguzi. Kwenye safari hapo amekuwa mkali, anasema mwaliko ulikuja kwa jina lake na mada aliandika yeye, wazee wakaona waliache.

Mweka hazina aliyepo amekubali kuendelea kama atapewa kazi ya mweka hazina kweli. Makamu wa kukaa anajifunza kama wale wa IATEFL tumepata wawili wanaofikiria. Katibu hamna kabisa. Yaani nikitaja neno ukatibu kwenye grupu watu wanaanza kutumiana salamu za Ijumaa.

Madam wa Tabata:

Mimi usiniangalie.

Ticha wa Kimara:

Sijasema kitu madam.

Madam wa Tabata:

Gaweni hiyo kazi. Mmoja wa mihtasari na barua, mmoja wa orodha ya wanachama na grupu. Ukatibu unaotisha watu ni ule wa kufanya vyote. Nikutumie violezo vyangu vya mihtasari, vya taarifa ya mkutano na fomu ya kupendekeza majina, hiyo fomu irudi kwa mtu ambaye hagombei na itoke wiki tatu kabla. Na deni la mwenyekiti msilipuuze, hata mkilipa nusu au mkimwandikia barua ya kulitambua. Ukimwacha hivi hivi huyo wa kwenye umakamu anaona na anajifunza kwamba mwisho wa kazi ni kudai.

Mzee wa Chaki:

Deni lenye risiti lipeni. Lisilo na risiti lipelekwe mkutano mkuu waamue wanachama, lisiamuliwe na kamati. Na msilipe kabla ya ukaguzi hata kama mna huruma.

Kijana wa Chanika:

Sawa nimeandika ile kanuni ya safari, nimemtumia ticha inboksi. Ila na mimi nina sharti, mkutano huu ufanyike huku Gongo la Mboto au Chanika, mjini kila siku tumechoka.

Ticha wa Kimara:

Ukipata ukumbi wa bure hata kesho nautangaza.

Kijana wa Chanika:

Kuna shule hapa namfahamu mkuu wake. Barua aandikiwe na nani sasa, katibu si hamna?

Ticha wa Kimara:

Iandike wewe, mimi napeleka kwa mwenyekiti apige mhuri.